Nchi Inayoelea Angani: Kusadikika na Suala la Ardhi

Anayeteremka kutoka Mlimani hadi Mwenge huvikuta vinyago vya mashetani vimepangwa vibandani: viumbe wenye jicho moja na viungo vilivyopotoka, si watu si wanyama. Mtindo huo ulishamiri kuanzia miaka ya 1950 mikononi mwa Wamakonde, ambao wengi wao walitoka Msumbiji wakikimbia shokoa ya Wareno, wakaja kukata mkonge Tanganyika. Watalii huvinunua kama mapambo. Fantasia katika riwaya ya Kiswahili nayo imepatwa na jambo kama hilo: husomwa kama pambo au kama pazia, na kile inachokisema juu ya unyang'anyi wa kikoloni hupita bila kuonekana.

Mfano ulio wazi ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Nchi hiyo inaelea angani. Wahakiki hueleza kwamba mwandishi, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliipeleka nchi yake hewani ili kukwepa udhibiti. Maelezo hayo ni sahihi, ila ni nusu. Kwa haja ya kujificha tu, kisiwa cha mbali kingetosha. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilitangaza ardhi yote ya Tanganyika, iliyokaliwa na isiyokaliwa, kuwa ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Marekebisho ya 1928 yalizitambua haki za kimila, lakini mamlaka yalibaki palepale. Mwenyeji alilima na kuzika wazee wake, na kisheria alikuwa akining'inia. Katika riwaya, mmoja wa wajumbe sita wa Kusadikika hutumwa Ardhi, kama mtu anavyotumwa ughaibuni.

Wajumbe hao hurudi na maarifa, wakatiwa kifungoni. Karama, anayewatetea, ameshtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Msomaji wa leo huenda akaliona kosa hilo kuwa la kubuni mno. Lakini Novemba 1951, mwaka uleule wa kitabu, serikali iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kudai ardhi hiyo kwa hoja. Shaaban Robert hakuitabiri kesi hiyo. Aliufahamu utawala unaomwogopa mjumbe ajuaye sheria kuliko mwizi. Karama, hata hivyo, hushinda. Wameru hawakurudishiwa ardhi yao wakati huo.

Riwaya hiyo ina udhaifu wake: watawala wa Kusadikika ni wenyeji, na mporaji kutoka nje hatajwi. Nusu karne baadaye udhaifu huo ukawa shabaha. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001), mzee aliyekufa anamrudia mjukuu wake, K, mkubwa serikalini, na kumtaka aone nchi ilivyouzwa. Mkoloni ameshaondoka, anayetakiwa kujibu ni mwana wa nyumbani, na anayemhoji ametoka kaburini.