Je, Wajua Kipchoge Alivishwa Simu Kuukuu?

Siku za kimataifa na mikutano mikubwa ya dunia hudhaniwa kuwa mambo ya wakubwa wenye tai. Zichungulie kwa karibu: zimejaa simu mbovu, friji, ndala na vyoo.

Medali zilizotoka kwenye droo

Medali zote za Olimpiki ya Tokyo, zipatazo 5,000, zilitengenezwa kwa madini yaliyotolewa ndani ya vifaa vibovu vya umeme! Kuanzia Aprili 2017 hadi Machi 2019 Wajapani walikusanya tani 78,985 za vifaa hivyo, pamoja na simu za mkononi milioni 6.21. Humo zikapatikana kilo 32 za dhahabu, kilo 3,500 za fedha na kilo 2,200 za shaba. Kwa hiyo Eliud Kipchoge aliposhinda marathoni ya michezo hiyo kule Sapporo mwaka 2021, na Peruth Chemutai wa Uganda alipotwaa dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji, shingoni walivishwa simu za watu. Na usisahau hili: medali ya dhahabu ile ina gramu sita hivi tu za dhahabu. Iliyobaki ni fedha.

Friji limewapatanisha walimwengu

Nchi zote za dunia zimeuridhia Mkataba wa Montreal, bila kukosa hata moja, nao unahusu gesi za friji, viyoyozi na makopo ya kupulizia. Ulipitishwa Septemba 16, 1987, miaka miwili tu baada ya wanasayansi wa Uingereza kutangaza kwamba tabaka la ozoni limepungua vibaya juu ya Antaktika. Ndiyo maana Septemba 16 ni Siku ya Ozoni. Habari njema ni kwamba tabaka hilo linapona, na wataalamu wanatarajia upungufu wa Antaktika uishe mnamo mwaka 2066.

Lakini gesi zilizokuja badala ya zile zilizoharibu ozoni zikabainika kuwa zinapasha dunia joto kupita kiasi. Oktoba 2016 wajumbe wakakesha Kigali wakijadiliana, na alfajiri ya tarehe 15 wakakubaliana kuzipunguza. Makubaliano hayo ya Kigali yanaweza kuepusha ongezeko la joto la hadi nusu nyuzi kufikia mwisho wa karne. Fundi wa mtaani kwako anayeinama kusoma kibandiko cha nyuma ya friji, aone ni R134a au R600a kabla ya kujaza, anagusa jambo lile lile lililowakosesha mabalozi usingizi.

Nyundo ya plastiki, jahazi la ndala

Machi 2, 2022 jijini Nairobi, nchi 175 zilikubaliana kuandaa mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki, na nyundo aliyoigonga mwenyekiti ilikuwa imetengenezwa kwa plastiki iliyorejelezwa. Nje, msanii Benjamin Von Wong alikuwa amesimamisha bomba la maji lenye kimo cha ghorofa tatu, likimwaga taka zilizookotwa Kibera. Mkataba wenyewe bado: Agosti 2025 wajumbe waliachana Geneva bila kuafikiana, na kwa kweli inaudhi.

Lamu hawakusubiri. Fundi Ali Skanda na wenzake waliyeyusha tani 10 za taka za plastiki, wakazifinyanga kuwa mkuku, mataruma na mbao, kisha wakaunda jahazi kwa ufundi ule ule wa mababu. Ubavuni wakalivika ndala zipatazo 30,000 zilizookotwa fukweni, za kila rangi unayoijua. Wakaliita Flipflopi. Mwanzoni mwa 2019 lilitweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, safari ya kilomita 500, likitia nanga njiani ili watoto walipande na kuligusa kwa mikono yao.

Miche saba ya Kamukunji

Juni 5, 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari Maathai na wenzake waliandamana hadi bustani ya Kamukunji, Nairobi, wakapanda miche saba. Saba tu! Vuguvugu lililochipuka hapo limeshapanda miti zaidi ya milioni 51, na mwaka 2004 Maathai akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kupata Nobeli ya Amani.

Nchi iliyojifagia kwa saa tano

Mei 3, 2008, watu 50,000 wa Estonia, nchi ya watu milioni 1.3, waliokota tani 10,000 za taka kwa muda wa saa tano. Walikuwa wameshaweka kila jaa haramu kwenye ramani ya kompyuta, hivyo kila kundi lilijua liende wapi. Kutokana na siku hiyo ilizaliwa Siku ya Usafi Duniani, ambayo sasa huadhimishwa Septemba 20. Wanyarwanda watatabasamu: umuganda wao, yaani kazi ya pamoja ya jamii, huwatoa watu nje kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Gunia la kila mmoja

Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 chakula kilichotupwa majumbani kilifikia wastani wa kilo 79 kwa kila mtu duniani. Hilo linakaribia gunia zima la mahindi, na hapo hatujahesabu hoteli wala maduka! Septemba 29 ni siku ya kulitazama jambo hilo.

Choo hadi Umoja wa Mataifa

Jack Sim, mfanyabiashara wa Singapore, aliacha biashara akajitolea kupigania vyoo. Shirika lake alilianzisha Novemba 19, 2001, na mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ukaitangaza Novemba 19 kuwa Siku ya Choo Duniani. Ujasiri wake naupenda sana, kwa sababu watu zaidi ya bilioni 3 bado hawana choo kilicho salama, na aibu ya kulitaja neno lenyewe imechelewesha mengi.

Darasa lililoipa baiskeli siku yake

Siku ya Baiskeli Duniani, Juni 3, ilianza kama kampeni ya profesa wa sosholojia nchini Marekani, Leszek Sibilski, akiwa na wanafunzi wake. Turkmenistan ikalibeba wazo hilo, nchi 56 zikaliunga mkono, na Aprili 12, 2018 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likalipitisha.