Safari ya Chuo Huanza Kidato cha Kwanza, Ila Si Lazima kwa Tuisheni

Likizo ikifika, mwanachuo hata hajatua begi vizuri nyumbani, swali linamsubiri. Mama mdogo au baba mkubwa anauliza: "Huyu mdogo wako kaingia fomu wani. Nimwanzishie tuisheni sasa hivi ili naye afike chuo kama wewe?" Wengi wetu tunajibu "ndiyo, mwanzishie" halafu tunaendelea kula.

Wanachuo wenzangu, swali hili tulijibu kwa makini. Kuna hela ya tumbaku au ya mahindi itatoka hapo, na kuna mtoto wa miaka 13 au 14 atakayekosa Jumamosi zake kwa miaka minne. Mimi nasoma ualimu, na jibu langu ni kwamba maandalizi yaanze kweli kidato cha kwanza. Ila kinachotakiwa kuanza mapema mara nyingi sicho kile mzazi anachokilipia.

Mtihani wa kuingia chuo uko wapi?

Tanzania hatuna mtihani mmoja wa kuingia chuo kikuu kama ule wa China. Anayepitia kidato cha sita anaingia kwa matokeo ya NECTA. Kima cha chini cha TCU kwa shahada ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Yaani D mbili zinatosha kubisha hodi, ingawa kozi zenye ushindani zinataka zaidi.

Sasa rudi nyuma hatua moja moja. Kidato cha tano hakuna anayepangiwa bila angalau C tatu za kidato cha nne, na kila kombi inaangalia masomo yake. Kidato cha tatu hufiki bila kuvuka upimaji wa kidato cha pili. Na baada ya upimaji huo, kwa utaratibu tuliosoma sisi, ndipo mwanafunzi anaamua kama ataendelea na fizikia na kemia au ataziacha.

Hapo ndipo mlango mkubwa unapofungwa kimya kimya. Mtoto wa miaka 15 anaacha fizikia kwa sababu mwalimu ni mkali, au shule haina mwalimu kabisa, au marafiki zake wote wamekimbilia atsi. Hakuna aliyemwambia kwamba udaktari unataka fizikia, kemia na baiolojia za kidato cha sita, wala kwamba uhandisi unasimama juu ya hisabati na fizikia. Hata stashahada ya uuguzi inadai ufaulu wa fizikia, kemia na baiolojia wa kidato cha nne. Anakuja kugundua akiwa na cheti mkononi.

Hesabu nazo zina yake. Utamsikia mtu anasema, "Mimi wa HGL, hesabu za nini?" Halafu akifika kwenye kuomba kozi za uchumi au biashara anakuta vyuo vingi vinauliza alama yake ya hisabati ya kidato cha nne.

Mji uliozoea kuchuja

Tabora yetu inalijua chujio hili muda mrefu. Julius Nyerere aliingia shule ya serikali hapa mwaka 1937, na mwaka 1943 akaenda Makerere, Uganda, maana chuo kikuu cha kwanza nchini mwetu kilikuja kufunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961. Enzi hizo walioingia sekondari walikuwa wachache sana. Siku hizi kuna shule za kata, ada iliondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na cha tano na cha sita mwaka 2022. Walioingia njiani ni wengi. Wanaoijua njia ndio wachache.

Hata misafara ya zamani iliyotoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo, zaidi ya kilomita 700 kwa miguu, haikuokolewa na mbio za siku ya kwanza. Ilibidi wajue maji yako wapi, chakula kinanunuliwa wapi, na wapi watadaiwa hongo ndipo wapite. Mpagazi aliyebebeshwa kupita kiasi tangu mwanzo angeishia porini kabla ya kuiona Ugogo.

Mzigo wa kupita kiasi nimeuona fildi. Katika shule moja kuna kijana wa kidato cha pili aliyekariri majibu ya pepa za miaka iliyopita za tuisheni. Swali la logarithimu alilijibu bila kufuta hata mstari. Nikabadilisha namba mbili tu, akaniangalia. Alikuwa amekariri jibu, hesabu yenyewe hana.

Basi tuanze na nini?

Cha kwanza ni lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili, halafu Januari moja anakutana na baiolojia nzima kwa Kiingereza. Asipoivuka lugha katika mwaka wa kwanza, atakariri kila somo hadi kidato cha nne. Kurasa mbili za kitabu chepesi kila siku, na kueleza kwa sauti alichosoma, zinasaidia kuliko rundo la pepa.

Cha pili ni msingi wa hesabu. Sehemu, aljebra, logarithimu na trigonometria ni mada za kidato cha kwanza na cha pili, na zinamfuata mwanafunzi hadi kidato cha sita. Kama shuleni hakuna mwalimu wa hesabu au wa fizikia, hapo hela ya tuisheni ina kazi, tena kwa somo hilo tu.

Cha tatu ni kuijua njia yenyewe, na hii ni bure. TCU hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaoonyesha kila kozi inataka masomo gani. NECTA huchapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, unaoeleza swali kwa swali walikosea wapi. Vyote viko mtandaoni, na simu zetu zina bando. Kaa na mdogo wako saa moja, mtafute kozi tatu anazozipenda, mrudi nyuma hadi kwenye masomo asiyotakiwa kuyaacha.

Mweleze pia kwamba kuna njia ya pembeni. Aliyemaliza kidato cha nne anaweza kusoma stashahada, na akipata GPA ya 3.0 akaomba shahada inayoendana na alichosoma. Njia hiyo ni ndefu kidogo, lakini inafika.

Pepa za zamani zisubiri mpaka mada ziwe zimeeleweka. Mazungumzo haya yasisubiri. Kama mdogo wako yuko kidato cha pili mwaka huu, yafanye kabla hajajaza fomu ya kuchagua masomo.