Damu ya Ng'ombe Husomwa kwa Umri

Mfugaji wa Mwanda, juu kwenye vilima vya Taita, akitaka kununua mtamba hukagua meno, miguu na kiwele cha mamake. Aliye makini zaidi huomba damu ipimwe bruselosi, ugonjwa wa bakteria unaomfanya ng'ombe atupe mimba na kumletea binadamu homa isiyokoma, hasa kupitia maziwa mabichi. Mwaka 2015 Kenya iliuweka miongoni mwa magonjwa 5 ya wanyama yanayowapata watu na yanayostahili kushughulikiwa kwanza.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Tone la majimaji ya damu huchanganywa kwenye kigae cheupe na tone la bakteria waliouawa na kutiwa rangi ya waridi, kisha kigae hutikiswa kwa dakika 4. Chembe zikishikana, kingamwili zipo.

Zimetoka wapi? Hapo ndipo umri unapoingia.

Kondo la ng'ombe haliruhusu kingamwili kumfikia ndama tumboni. Huzipata katika dang'a, tena ndani ya saa 24 hivi za mwanzo. Mama akiwa mgonjwa, ndama wa miezi 2 anaweza kuonyesha kingamwili ilhali yeye mwenyewe hana ugonjwa. Miezi ikisonga, kingamwili hizo hupungua na kuisha.

Hatari kubwa iko kwa mtamba. Wachache waliozaliwa na mama wagonjwa hubaki na bakteria waliojificha kwenye tezi za limfu, na kipimo hakioni kitu. Mtamba wa namna hiyo akishika mimba, mji wake wa uzazi hutoa sukari iitwayo erithritoli, ambayo huwastawisha sana bakteria hao. Mara nyingi kingamwili huonekana tu anapokaribia kuzaa au akishatupa mimba, wakati zizi limekwisha kuchafuka.

Chanjo ya S19, iliyotokana na bakteria waliopatikana Marekani mwaka 1923, hufuata hesabu hiyohiyo. Hudungwa mitamba wa miezi 3 hadi 6, ili kingamwili ziwe zimeshuka wafikapo umri wa kuzaa. Akidungwa mkubwa, huweza kudumu nazo muda mrefu, na kipimo cha kawaida kikamhesabu mgonjwa.

Kwa hiyo mtamba anayepandishwa Mwanda kutoka nyanda za Voi apimwe kabla ya kununuliwa, atengwe, kisha apimwe tena wiki chache baada ya kuzaa. Maziwa yachemshwe daima. Kondo na mimba iliyotupwa visishikwe kwa mikono mitupu, bali vifukiwe kina kirefu ambako mbwa hawatavifukua.