Je, Bwawa la Kuogelea Nyumbani Lina Faida?

Mtu ajengaye nyumba mjini, akiwa na kiwanja kikubwa na fedha za kutosha, huenda akatamani kuchimba bwawa la kuogelea uani. Tamaa hiyo haina ubaya. Kuogelea ni zoezi jema: maji huubeba mwili, hata magoti na nyonga zisielemewe na uzito, huku misuli na mapafu yakifanya kazi. Tena, katika nchi zenye bahari, maziwa na mito mingi, kujua kuogelea ni kinga ya maisha.

Lakini aulizaye bei ya kuchimba na kujenga tu ameuliza nusu ya swali. Bwawa si kama ukuta au paa. Ni mtambo unaotakiwa kufanya kazi kila siku, bwawa liogelewe lisiogelewe, na ukiachwa kwa majuma machache hugeuka kuwa hatari kwa mwenyewe na kwa jirani. Makala haya yanaeleza mambo manne yapasayo kupimwa kabla ya kuamua: maji, usafi wake, hatari zake, na idadi ya watu watakaolitumia.

Maji Kiasi Gani?

Na lichukuliwe kwa mfano bwawa la kadiri, lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4, na kina kianzacho mita 1 upande mmoja na kufikia mita 2 upande wa pili. Kina cha wastani ni mita 1.5; kwa hiyo ujazo wake ni 8 × 4 × 1.5, yaani mita za ujazo 48, au lita 48,000. Kwa ndoo ya lita 20, hizo ni ndoo 2,400. Jamaa ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua, ingeyatumia maji hayo kwa siku 160, yaani zaidi ya miezi mitano.

Wengi hudhani kwamba bwawa likishajazwa kazi imekwisha. Sivyo. Jua na upepo huyachukua maji pasipo kuonekana. Kwa hali ya hewa ya pwani ya Afrika Mashariki, yafaa kukadiria kuwa uso wa maji hushuka kwa milimita 5 hivi kila siku kwa sababu ya maji kugeuka mvuke. Milimita 5 ni kidogo machoni, lakini juu ya eneo la mita za mraba 32 ni lita 160, yaani ndoo 8 kwa siku. Katika mwaka mzima hufikia lita 58,400, ambazo ni nyingi kuliko maji yaliyolijaza bwawa mara ya kwanza.

Mvua hurudisha sehemu ya maji hayo. Dar es Salaam hupata milimita 1,100 hivi za mvua kwa mwaka, nazo zikianguka juu ya bwawa hilo ni lita 35,200. Hata hivyo nyingi huanguka kwa mkupuo wakati wa masika, bwawa likiwa limejaa, zikafurika na kupotea. Wakati wa kiangazi, maji yanapohitajiwa, mvua haipo. Mwezi Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungukiwa maji, wakazi wa Dar es Salaam waliwekewa mgawo. Nyakati kama hizo mwenye bwawa hushindania maji yale yale na jirani aliyepanga foleni na ndoo yake. Kifuniko cha plastiki kielecho juu ya maji hupunguza sana upotevu huo, maana huuzuia mvuke usitoroke. Lakini kifuniko kilicholegea ni mtego kwa mtoto mdogo, kwa hiyo hakiwezi kuwa badala ya uzio.

Mtu aweza kufikiri kwamba maji yakiwa haba atalikausha bwawa. Hapo yafaa kuikumbuka kanuni ya Archimedes. Penye maji ya ardhini yaliyo karibu na uso wa nchi, kama ilivyo katika sehemu nyingi za pwani, bwawa tupu huwa kama mtumbwi uliozikwa. Likiwa limechukua nafasi ya mita za ujazo 30 za maji hayo, husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa tani 30. Mabwawa yaliyokaushwa wakati wa masika yaweza kupasuka au kuinuka kutoka ardhini. Uzito wa maji yaliyomo ndio unaolishikilia bwawa mahali pake.

Kuyaweka Maji Katika Hali ya Usafi

Maji yaliyotuama juani huota mwani, na kila aogeleaye huacha jasho, mafuta na vijidudu. Kazi ya kwanza ni kuchuja. Pampu huyavuta maji, ikayapitisha katika tangi lenye mchanga ambao chembe zake ni za nusu milimita hivi, kisha ikayarudisha bwawani. Pampu ipitishayo mita za ujazo 8 kwa saa huyapitisha maji yote ya bwawa la mfano kwa muda wa saa 6. Kwa kuwa maji yaliyochujwa huchanganyika na yale ambayo hayajachujwa, ni vizuri iende saa 8. Ikiwa pampu hula kilowati 0.75, basi kwa siku hutumia kilowati-saa 6 za umeme, na kwa mwaka 2,190.

Mchanga nao hujaa taka. Mara moja kwa juma au zaidi hapana budi kuyapitisha maji kinyume, kutoka chini kwenda juu, ili taka zielee na kumwagwa nje. Kwa dakika 3, pampu hiyo hutumia lita 400. Kwa majuma 52 ni lita 20,800.

Kazi ya pili ni kuua vijidudu vipenyavyo katika mchanga. Dawa itumikayo zaidi ni klorini. Ikitiwa majini hufanya asidi ya hipoklorasi, HOCl, ambayo huua bakteria na virusi. Lakini sehemu ya asidi hiyo hugawanyika kuwa ioni za haidrojeni na ioni za hipokloraiti, na hizi za pili ni dhaifu mno katika kazi hiyo. Mgawanyiko huo hutegemea pH ya maji. pH ikiwa 7.0, robo tatu hivi ya klorini imo katika hali ile yenye nguvu, ikiwa 7.5, ni nusu hivi, ikifika 8.0, ni robo hivi tu. Ndiyo maana mtu aweza kuongeza dawa kila siku, na bado maji yakawa ya kijani. Kosa lake si uchache wa dawa, bali ni kutopima pH, ambayo yapasa kuwa kati ya 7.2 na 7.8. pH ikishuka huinuliwa kwa magadi. Ikipanda hushushwa kwa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa.

Kiasi cha klorini huru kinachofaa ni miligramu 1 hadi 3 katika kila lita. Ili kupata miligramu 2 katika lita 48,000 zahitajika gramu 96 za klorini, ambazo hupatikana katika gramu 148 hivi za unga wa hipokloraiti ya kalisi wenye asilimia 65. Kiasi hicho si kikubwa. Taabu ni kwamba hakidumu. Mionzi ya urujuanimno ya jua la mchana huivunja klorini isiyokingwa, hata nusu yake yaweza kupotea katika muda usiozidi saa moja. Kwa hiyo mabwawa ya nje hutiwa asidi ya sayanuriki, ambayo huishikilia klorini na kuikinga na jua. Nayo ikizidi huifanya dawa kuwa nzito wa kutenda kazi.

Harufu kali ya bwawa, ambayo wengi huidhania kuwa dalili ya usafi, kwa kweli ni dalili ya kinyume. Hutokana na kloramini, zinazofanyika klorini inapoungana na jasho na mkojo, nazo ndizo zinazowasha macho. Yapo pia maradhi yasiyotiishwa kirahisi na klorini: kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu, kiletacho kuhara, chaweza kuishi kwa siku kadhaa katika maji yaliyotiwa dawa barabara. Mwenye kuhara asiingie bwawani.

Dawa hizi zenyewe zataka uangalifu. Asidi ikikutana na unga wa klorini hutoa gesi ya klorini, iunguzayo mapafu. Basi zisiwekwe mahali pamoja. Tena unga hutiwa katika maji, wala maji hayamwagwi juu ya unga.

Hatari Mbili

Hatari ya kwanza ni kufa maji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 hivi walikufa maji katika mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka 5. Wahenga walisema mfa maji haishi kutapatapa. Lakini mtoto mdogo aghalabu huzama kimya, bila kupiga kelele wala kurusha maji, kwa sababu kinywa chake kimo majini na hana pumzi ya kuitia. Dakika chache zatosha. Kwa hiyo uzio si pambo. Yapasa uwe na kimo kisichopungua mita 1.2, uzunguke pande zote nne, hata upande wa nyumba, na lango lake lijifunge lenyewe kwa komeo asiloweza mtoto kulifikia. Na uzio hauondoi haja ya mtu mzima kuwa karibu, macho yake yakiwa majini.

Hatari ya pili ni mbu, nayo huwafikia hata wasioogelea. Mfano ulio wazi umetoka Bakersfield, katika jimbo la California, Marekani. Watu wengi waliposhindwa kulipa mikopo ya nyumba, mabwawa yao yaliachwa bila dawa. Katika kiangazi cha mwaka 2007, idadi ya wagonjwa wa homa ya virusi vya Nile ya Magharibi, iletwayo na mbu, iliongezeka kwa asilimia 276, na watafiti waliihusisha na mabwawa hayo. Katika pwani ya Afrika Mashariki mbu wa aina ya Kuleksi, ambao huzaliana vizuri katika maji machafu, hueneza vijidudu vya matende. Bwawa lililosahauliwa ni kitalu chao.

Kupiga Hesabu

Jumla ya maji yapoteayo kwa mwaka katika bwawa la mfano ni lita 58,400 na 20,800, yaani 79,200. Ikiwa nusu ya mvua imeingia na kubaki, lita 17,600 zimerudishwa, na 61,600 zatakiwa kununuliwa. Umeme ni kilowati-saa 2,190.

Jamaa ya watu 6 wakiogelea mara mbili kila juma, hiyo ni michovyo 624 kwa mwaka. Kila mchovyo wa mtu mmoja hugharimu lita 99 hivi za maji na kilowati-saa 3.5. Lakini wakiogelea mara 10 tu kwa mwaka, wakati wa likizo, ni michovyo 60, na kila mmoja hugharimu zaidi ya lita 1,000 na kilowati-saa 36.5. Bwawa ni lile lile, na kazi ya kulitunza ni ile ile. Kilichobadilika ni matumizi. Dawa, matengenezo ya pampu, ujira wa mtunzaji na bei ya ujenzi iliyogawanywa kwa miaka huingizwa katika hesabu hiyo kwa njia ile ile.

Ni dhahiri, basi, kwamba bwawa la nyumbani lina faida kwa jamaa waogeleao kila juma, wenye chanzo cha maji kisichowanyima wengine, na walio tayari kupima pH hata siku wasizoogelea. Kwa wasio na mambo hayo matatu, bwawa la shule au la mtaa ni bora zaidi. Litahitaji chujio kubwa na dawa nyingi kwa ajili ya wingi wa watu, lakini gharama hugawanywa kwa wengi, na watoto wengi zaidi hufunzwa kuogelea chini ya macho ya mwalimu.

Zoezi kwa Wanafunzi

Jaza maji katika mabeseni mawili yaliyo sawa na kuyaweka juani, moja likiwa limefunikwa kwa plastiki. Pima kina kwa rula kila asubuhi kwa siku 7, na kuandika siku zilizonyesha mvua. Eleza kwa nini beseni dogo hupoteza maji kwa kasi kuliko bwawa, kisha ukadirie ni ndoo ngapi ambazo kifuniko kingeziokoa kwa mwaka katika bwawa la mita za mraba 32.