Kabla ya Kununua Betri Mpya
Alfajiri moja ya baridi hapa Vwawa, mtoto akihema kwa shida, pikapu yetu ilikataa kuwaka. Majirani wakaisukuma, tukafika hospitali, tunamshukuru Mungu. Tukanunua betri mpya kwa fedha za kahawa, nayo ikaisha nguvu baada ya siku tatu. Kumbe mkanda wa alteneta ulikuwa umelegea!

Mama mpendwa, fundi apime kwanza kwa mita. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, haichajiwi: kagueni mkanda, nyaya na alteneta. Ikipita 15, inachajiwa kupita kiasi. Kipimo cha dakika chache kingetuokolea fedha za sare za watoto.