Mbale ya Juu Huondoka Kwanza

Yako maneno yasemwayo vijiweni kwamba kampuni za madini hugusa juujuu kwa kutojua kilichomo chini. Si kweli. Kila mita ya kuchoronga ina gharama yake, na mwamba wa chini hudai njia ndefu, hewa ya kusukumwa na maji ya kuvutwa usiku na mchana. Mbale ya juu imekwisha kulainishwa na mvua na jua. Husagika upesi, na dhahabu yake hutoka kwa wepesi. Faida hiyo ndiyo ilipayo mikopo na kugharamia safari ya kwenda chini.

Hapo ndipo tunapotaka maofisa wetu watazame. Mgodi wa Geita ulianza mwaka 2000 kwa mashimo ya wazi, chini ya sheria ya 1998 iliyotoza mrabaha wa asilimia 3. Kazi ya chini ya ardhi ilianza mwaka 2016. Asilimia 6 ilikuja mwaka 2017! Nasi Visiwani, ambao mkataba wetu wa mafuta na gesi ulitiwa saini mwaka 2018, tunataka fungu la miaka ya mwanzo lihesabiwe mapema, kabla ya kisima cha kwanza kutoa.