Muziki na udaktari: ratiba ya hospitali ndiyo inayoamua

Kata ya Majengo, hapa Manispaa ya Mpanda, haikosi vijana wanaoimba. Wengine wako kwaya, wengine wanarekodi kwa simu, wengine wanajichanga wapate nauli ya kwenda studio. Tatizo huanza pale kijana wa namna hiyo anapofaulu vizuri Fizikia, Kemia na Biolojia. Nyumbani wanaliona koti jeupe, yeye anaiona kipaza sauti. Mabishano huendeshwa kana kwamba ni lazima kimoja kife.

Si lazima, na mfano uko kwa jirani zetu wa Rwanda. Thomas Muyombo, anayejulikana kwa jina la Tom Close, alishinda shindano la kwanza la Primus Guma Guma Super Star mwaka 2011 akiwa bado anasomea udaktari. Hakuacha chuo. Alihitimu, akatibu wagonjwa, kisha akaja kuongoza kituo cha damu salama cha kanda jijini Kigali. Nyimbo ameendelea kutoa. Lakini tusidanganyane: kwa mtazamo wetu, aliyefika hapo ni mtu aliyekubali muziki uifuate ratiba ya tiba. Kinyume chake hakiwezekani, na sababu ni namna masomo yenyewe yalivyopangwa.

Shahada ya udaktari hapa Tanzania huchukua miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Miaka miwili ya mwanzo ni ya darasani na maabara: anatomia, fiziolojia, baiokemia. Mzigo ni mkubwa, ila jioni na likizo bado ni za mwanafunzi mwenyewe. Kuanzia mwaka wa tatu anaingia wodini, na hapo saa zake zinakuwa za hospitali. Mwaka wa utarajali ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu zamu za usiku hupangwa na mtu mwingine na mgonjwa hangoji. Anayechukua stashahada ya utabibu husoma miaka mitatu, naye hukutana na wodi mapema.

Sasa utazame muziki. Kuandika wimbo kunawezekana ndani ya basi la Tabora. Kurekodi kunaweza kusubiri likizo. Mazoezi ya kwaya yana uvumilivu wake, ukikosa Jumatano wenzako watakushikia sauti yako. Shoo ndiyo isiyosogea. Ni Jumamosi usiku, mara nyingi mkoa mwingine, na kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Kwa hiyo mwanafunzi wa tiba anayetaka kubaki na muziki hulazimika kuchagua sehemu ya muziki, si muziki wote. Wengi huumia kwa kuanza na shoo, kwa kuwa ndizo zenye fedha na makofi.

Kinachowekwa rehani hapa si matokeo ya mtihani tu. Dozi ya dawa nyingi za watoto hupigwa hesabu kwa kilo za uzito. Aliyeshuka jukwaani saa kumi alfajiri na kuingia wodini saa mbili asubuhi anaweza kusogeza nukta hatua moja, na dozi ikawa mara kumi. Mzazi aliyeketi kando ya kitanda hataijua nukta hiyo.

Lipo pia suala la fedha. Vijana husema muziki utawalipia ada. Inatokea, ila mara chache na kwa waliokwisha kuwa na jina. Albert Schweitzer alikuwa mpiga kinanda cha kanisani mwenye sifa Ulaya kabla ya kuanza kusomea udaktari akiwa na umri wa miaka 30. Mwaka 1913 alikwenda Lambaréné, Gabon, kufungua hospitali, na maonyesho yake ya kinanda huko Ulaya yalisaidia kuigharamia. Muziki wake ulikuwa umekomaa tayari. Anayejifunza vyote viwili kwa pamoja hana akiba hiyo.

Jambo moja husahauliwa kabisa: siri ya mgonjwa. Wodini kuna visa vinavyoomba kuimbwa. Lakini hapa Majengo watu wanafahamiana. Ukitaja mtaa, kazi ya mtu na mwezi aliolazwa, umeshamtaja. Kutobandika jina hakutoshi.

Na wimbo ukivuma katikati ya mwaka wa tatu? Hapo ndipo wengi hupotea, kwa kuondoka kimyakimya wakidhani watarudi. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo kwa sababu zinazokubalika. Mwanafunzi huandika barua, husubiri jibu kwa maandishi, na hufanya hivyo kabla ya mitihani, si baada ya kuikosa. Asiyefanya hivyo huhesabiwa mtoro na anaweza kufutiwa usajili, kile ambacho wanafunzi wenyewe hukiita disko. Sababu ya muziki inaweza kukataliwa, hivyo ni busara kumwona mshauri wa wanafunzi kabla ya kusaini mkataba wowote wa shoo. Mwenye mkopo aiulize pia Bodi ya Mikopo, maana fedha hutolewa kwa anayesoma.